Paa la Bati Kinywani

Asubuhi ile nilitoka bila kujua ninakwenda wapi. Meli yetu ilikuwa imefunga gati Kisangani siku iliyotangulia, vibarua walikuwa wanashusha mapipa, na sisi watu wa upondo hatukuwa na kazi mpaka ipakiwe tena. Wenzangu walikuwa bado wamelala. Mimi sijawahi kuweza kulala jua likiwa limekwisha kutoka. Nilivaa viatu, nikashuka ubao, nikafuata barabara iliyokuwa na watu wengi zaidi, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikichagua njia siku zote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Kwenye karatasi za serikali mji uliandikwa Stanleyville, lakini sisi tuliuita Kisangani. Nilikuwa na miaka kama ishirini na sita. Nilizaliwa upande wa Kindu, nikaacha shule mwaka wa tatu, si kwa sababu masomo yalinishinda, bali kwa sababu mwalimu alikuwa akijibu swali moja kati ya matano niliyomuuliza. Tangu hapo nilibeba matofali, nilisukuma mabehewa kwenye reli ya Ponthierville, nilimpikia Mgiriki mmoja mpaka alipogundua kwamba sijui kupika, na mwishowe mto ukanichukua.

Barabara ilinifikisha Mangobo. Mbele ya zahanati kulikuwa na mlolongo mrefu wa watu, nami nikaingia. Sikuwa mgonjwa na hakuna aliyeniita. Ila mlolongo wowote nikiuona huwa naingia kwanza, kisha ndiyo nauliza ni wa nini. Kwa njia hiyo nimewahi kupata chumvi, nimechanjwa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na nimeshuhudia ubatizo wa mtoto nisiyemjua.

"Mama, tunangojea nini hapa?" nilimuuliza mama aliyekuwa mbele yangu, mwenye mtoto mgongoni.

Akageuka. "We umeingia mulolongo na haujue iko ya nini? Iko ya shingo. Wanatafuta maladi, ile ugonjwa ya usingizi. Shingo yako ikikuwa muzuri, wanapiga cachet, muhuri, ku kitabu, unaenda kwako."

Jua lilikuwa linapanda. Nilisokota sigara, nikaiwasha, nikaigeuza kinywani kama nilivyozoea. Yule mama akapiga kelele.

"Mama yangu! Huyu mutu anakula moto!"

Kila mtu akageuka kunitazama, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimetia ncha yenye moto ndani ya kinywa, mkia ukabaki nje, na nilikuwa navuta taratibu bila kuungua.

Hiyo ilikuwa desturi ya kazi yetu. Mto wetu huhamisha michanga yake kila mara, na meli inayosukuma matishari ya mizigo haiwezi kuona chini. Basi watu husimama kwenye pua ya tishari la mbele kabisa, kulia na kushoto, kila mmoja na upondo, yaani mti mrefu uliopakwa vipande vya rangi nyekundu na nyeupe. Unautumbukiza, unagusa mchanga, unaangalia maji yamefika rangi ya ngapi, unampigia kelele nahodha aliye juu kule nyuma. Unautoa, unautumbukiza tena, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mikono yote miwili ina kazi, upepo unakupiga usoni, na mgongoni kwako kuna marobota ya pamba. Sigara ya kawaida upepo unaimaliza hujavuta mara tatu, na cheche moja ikirukia pamba meli imekwisha. Ndiyo maana tulikuwa tunageuza.

Mwanzoni unaungua mpaka machozi yanakutoka. Baada ya miezi kaakaa, ile dari ya kinywa, linakuwa gumu na jeupe, wala huhisi tena kitu. Hapo wakubwa wa upondo wanakuita juani, wanakufungua kinywa, wanachungulia kwa zamu. Kama bado ni pekundu wanasema, "Huyu anakaa bado mu nyumba ya majani." Kama pamekuwa peupe wanapiga makofi: "Eeh! Huyu ameezeka bati!" Siku zile mtu aliyeezeka nyumba yake bati pale mjini alikuwa mtu kweli. Mimi niliezeka baada ya mwaka mmoja, na wenzangu walinishangilia kwa pombe.

Nikikumbuka sasa nashangaa. Sidhani kulikuwa na watu mto mzima waliokaguana vinywa kama sisi, mara kwa mara, mchana kweupe, kwa makini, nasi tulikuwa tukisifu kile ambacho kilipaswa kututisha.

Aliyekuwa na bati zuri kuliko wote alikuwa mkubwa wetu wa kwanza, mzee aliyenifundisha kazi. Mwaka mmoja kabla ya asubuhi hiyo ya Mangobo alianza kusema kwa pua. Baadaye maji aliyokunywa yakawa yanamtoka puani. Tulimteremsha Isangi kwa ndugu zake, na safari iliyofuata tukaambiwa amekwisha kuzikwa. Sisi tulisema amelogwa na mtu aliyetaka nafasi yake. Hata jina la mtu huyo tulikuwa nalo tayari.

Zamu yangu ilipofika nilitupa sigara, nikakaa kwenye kiti kidogo. Muuguzi alikuwa kijana mwembamba, labda wa umri wangu, mwenye vidole baridi. Vilipita nyuma ya shingo yangu, vikashuka, vikapanda tena.

"Unatafuta nini humo?" nikamuuliza.

"Vijiwe."

"Ukivipata?"

"Nachoma sindano ndani ya kijiwe, natoa maji yake kidogo, natazama kwa microscope."

"Na ndani ya maji kuna nini?"

"Vidudu."

"Viko na miguu?"

Watu nyuma yangu walianza kunung'unika. Muuguzi akaondoa mikono yake shingoni mwangu.

"Ndeko, ndugu yangu, uko mugonjwa ao uko inspecteur?"

"Niko mutu ya upondo."

"Bon. Fungula kinywa basi, nione maulizo hii yote inatokaka wapi."

Mlolongo mzima ukacheka. Nilifungua kinywa kwa moyo mweupe, tena kwa upana, nikainua kichwa ili apate mwanga. Nilidhani atasifu.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Alinishika kidevu, akanigeuza kuelekea mlangoni, akachukua kijiko, akakandamiza ulimi wangu. Kisha kwa mpini wa kijiko kile akagusa juu, upande wa kushoto, karibu na magego.

"Inauma?"

Nikatikisa kichwa.

"Na hapa?"

"Sisikii kitu," nikasema alipotoa kijiko.

"Hiyo ndiyo sipendi."

Alikwenda kutafuta kioo cha kunyolea, akakishika mbele yangu mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho wengine walikuwa wameniambia tu. Kaakaa langu lilikuwa jeupe lenye nyufa, kama udongo wa kingo za mto maji yakipungua, na lilikuwa na vitone vidogo vidogo. Pale alipogusa kulikuwa na mahali pekundu, padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, pamechubuka, pembeni pameinuka kidogo. Sikupajua kabisa. Palikaa kinywani mwangu, na nilikuwa nakula napo kila siku.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui."

"Sikia. Hii nyeupe peke yake, mutu anaweza kuzeeka nayo, ijapokuwa si muzuri. Lakini nyekundu ndani ya nyeupe, haiumi, haiponi, iko na kingo ngumu: hiyo inaingia ndani. Leo iko kama ukucha. Wakikata leo, wanakata ukucha. Ukingoja, watakata shavu. Ukingoja zaidi, hawatakata kitu."

"Lakini we unaangaliaka shingo," nikamwambia. "Si kinywa."

"Kinywa iko mbali na shingo?" akajibu, akaanza kuandika karatasi ya hospitali. "Nenda leo."

"Meli inaondoka kesho kutwa."

"Meli itarudi."

Nikaichukua karatasi. Yule mama wa mbele yangu alikuwa bado amesimama mlangoni, hataki kupitwa. "Si nilisema anakula moto," akawaambia wengine.

Nilirudi bandarini, nikawaonyesha wenzangu karatasi kama jambo la kuchekesha, na walicheka kweli. Mkubwa wetu mpya wa upondo, mtu mnene wa kifua tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alinifungua kinywa juani.

"Muganga ya shingo anajua nini ya kinywa? Kesho muganga ya miguu atakuangalia masikio." Akachungulia tena. "Bati yako iko muzuri. Iko na kutu kidogo tu."

Nami nilicheka pamoja nao. Karatasi nikaiweka chini ya mkeka. Siku mbili zile nilipitisha ulimi pale mahali mara elfu, na ulimi haukuniambia kitu. Naandika ukweli: niliamua kuondoka na meli. Niliogopa hospitali. Kwa akili yangu ya wakati ule, hospitali ilikuwa mahali ambapo watu huingia kwa miguu na kutoka wamebebwa, na kitu kisichouma kilikuwa kitu kisichokuwapo.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa tayari puani mwa tishari, upondo mkononi, nilipomwona yule muuguzi akisukuma baiskeli kati ya mapipa. Koti lake jeupe alikuwa amelifunga nyuma kwa kamba. Jina langu alikuwa nalo daftarini tu, wala hakuijua meli. Alikuwa ameuliza gati zima watu wa upondo wako wapi.

"Haukufika," akanipigia kelele kutoka chini. "Nilipita hospitali kuuliza."

"Eeh, muganga ya shingo!" wenzangu wakashangilia. "Panda! Leo unatafuta vijiwe ya nani?"

Angeweza kuondoka. Badala yake aliegemeza baiskeli, akapanda ubao, akasema, "Bon. Wote mufungule kinywa."

Kwao ulikuwa ukaguzi kama ule wetu. Walijipanga, wakacheka, wakasukumana ni nani aanze. Aliwatazama wanne mmoja mmoja, akiwageuza kuelekea jua, akagusa kwa kijiko kile kile alichokitoa mfukoni. Akawaambia wana weupe tu, waache kugeuza moto, na kila meli ikifika wampitie awaangalie. Mmoja akamwuliza kama bati lake lilikuwa zuri kuliko la tonton. Muuguzi hakuelewa swali, na walicheka mpaka wakakohoa.

"Na huyu?" tonton akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu asiende na nyinyi."

"Kwa nini? Anakula, anakunywa, anaita kina vizuri kuliko wote. Haumwi kitu."

"Sasa haumwi," muuguzi akasema. Alikuwa amechoka na hakupandisha sauti. "Itaongezeka. Kisha ataanza kusema na pua. Kisha maji ya kunywa itamutokea na pua, chakula vilevile, kwa sababu juu kutakuwa tundu. Kisha shavu itavimba. Hapo hakuna dawa tena."

Kicheko kilikatika. Tonton akamsogelea.

"Nani alikuambia ile?"

"Ile gani?"

"Ya maji na pua."

"Hakuna mutu aliniambia. Ndiyo inafanyaka vile."

Lazima nieleze kwamba safari ile ya kumteremsha mzee wetu Isangi, tonton ndiye aliyemnywesha. Siku nzima, kwenye kivuli cha turubai, alimshikia kikombe na kumfuta pua. Hatukuwa tumemsimulia muuguzi habari hiyo. Hakujua kwamba mtu kama yule aliwahi kuwapo.

Tonton alikuja puani nilipokuwa nimesimama, akashika upondo wangu, akauvuta mkononi mwangu.

"Shuka."

"Tonton, meli..."

"Shuka, nimekuambia! Mi sitashika kikombe mara ya pili."

Nikashuka. Honi ikalia, matishari yakasogea, na nafasi yangu puani ikachukuliwa na yeye mwenyewe, mtu aliyekuwa hajashika upondo kwa mikono yake tangu awe mkubwa. Muuguzi alinipandisha kwenye kibebeo cha baiskeli kama gunia, akanipeleka hospitali ya Waafrika, hakuniacha mpaka daktari aliponiita.

Daktari alikuwa Mbelgiji mwenye maneno machache. Kwanza alikata kipande kidogo, kikatiwa kwenye chupa, kikapelekwa kwa ndege Léopoldville wakakisome. Niliuliza nani atakisoma, na kinasomwaje, na kama ndege inaruka na vipande vya watu wengi. Hakuna aliyenijibu. Nilingoja kwa wiki nyingi kuliko nilivyotaka, nikilala kwenye wodi na kufagia uani ili nisipotee. Jibu lilipofika, msaidizi wa daktari alinieleza hivi: ugonjwa umeanza, lakini haujafika mbali, haujagusa mfupa, na shingo ni safi. Watakata mahali pale pamoja na ukingo wake wa nyama nzima.

Walinichoma sindano, nikabaki macho. Sikusikia maumivu. Nilisikia mkasi, na sauti yake haikupitia masikioni, ilitoka ndani ya kichwa changu. Kisha wakanijaza pamba na kitambaa kinywani, na hiyo ikawa wiki ya kwanza ya maisha yangu ambayo sikumuuliza mtu swali. Wauguzi wa wodi walisema ni wiki njema.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mkulima wa upande wa Basoko ambaye shavu lake lilikuwa limekwisha kufunguka. Alikuwa amengoja msimu wa mavuno upite, kisha msimu mwingine. Waliponitoa kitambaa na kuniletea uji baridi wa ndizi, alinitazama nikimeza, akaangalia pua yangu, akaona haikutoka kitu. Akainua kidole gumba. Hakuwa na wivu hata kidogo. Namshukuru naye, maana yeye ndiye aliyenifanya nielewe nilichopewa.

Meli iliporudi, tonton alikuja wodini na kwanga, ule mkate wa muhogo, na habari. Alikuwa amepiga marufuku kugeuza moto, ingawa wawili walikuwa wanamdanganya. Lakini ukaguzi wa juani umebaki pale pale, akasema: kila wanapofunga gati anawapanga, anawafungua vinywa, anatafuta mahali pekundu. Mmoja alikuwa ameanza kuwa na kidonda, na tonton mwenyewe alimpeleka Mangobo akiwa amemshika mkono. Kilikuwa kidonda cha mwiba wa samaki. "Alinitukana njia yote," tonton akasema, akacheka mpaka kitanda kikatikisika.

Siku ya kuruhusiwa nilimnunulia muuguzi samaki wa kukaushwa, mkubwa, nikampelekea zahanati. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya shukrani, lakini kaakaa langu jipya lilikuwa bado linapuliza nusu ya herufi. Hakuninyoshea mkono kupokea samaki.

"Fungula kinywa kwanza," akasema.

Akatazama, akagusa, akauliza inauma, nikasema inauma sana. "Muzuri," akasema, ndipo akapokea samaki.

Daktari alikuwa amenipa sharti. Kila mwezi, kwa mwaka mzima, nionekane hospitalini nitazamwe kinywa. Baadaye kila miezi mitatu, kwa miaka kadhaa. Ugonjwa wa namna hii, alisema, hurudi kimya kimya kama ulivyokuja, na njia pekee ni kuuona kabla haujakua. Mimi nilikuwa sijakaa mahali pamoja miezi mitatu tangu niache shule. Sikuwa na chumba, sikuwa na ndugu Kisangani, na upondo haukuwezekana tena, kwa sababu sauti yangu isingefika kwa nahodha.

Basi nilitembea na furushi langu kando ya mto, kuelekea juu, upande wa maporomoko, ambapo nilikuwa nimepaona kutoka majini tu. Wavuvi walikuwa wamening'iniza mitego yao mikubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji. Nilisimama nikahesabu mitego, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Mama mmoja aliyekuwa anaanika samaki alinitazama kwa muda.

"Unatafuta nani?"

"Chumba," nikasema.

"Nini?"

"Chumba. Ya kulala."

"Mbona unasema kama mutu anabeba maji mu kinywa? Umelewa asubuhi hii?"

"Nimekatwa," nikasema, nikamfungulia kinywa. Nilikuwa nimeshazoea.

Akainama, akachungulia bila kuogopa, kama mtu anayechungulia chungu. "Aa," akasema. "Wamekata vizuri." Akanawa mikono, akanionyesha chumba nyuma ya nyumba yake, chenye kitanda cha mianzi na dirisha lililotazama maji. Mvua, alinionya, huingia kwenye kona ya kulia.

"Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka wamalize kunitazama kinywa."

"Watamaliza lini?"

"Walisema miaka."

"Miaka!" Alicheka, akaita jirani aje asikie. Kisha akaingia ndani, akashika upande mmoja wa kitanda ili tukiondoe kwenye ile kona ya mvua, akasimama akingoja nishike upande wa pili, kwa sababu kilikuwa kizito. Niliweka furushi chini, nikashika.